Nilisaini nipate nauli

Wasomaji wangu, samahanini kwa ukimya. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wengine mmeniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa na aibu, na aibu haiandikiki haraka. Leo nitaisema, halafu nitawasimulia historia niliyoichimba baada ya kuaibika, maana nimegundua kwamba kosa langu lina umri mkubwa kuliko mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi na wenzangu wawili tulianzisha jarida dogo la habari za afya, la kutumwa kwa barua pepe kila Ijumaa. Tukahitaji wasomaji. Mimi nikasema msihangaike, ninayo hazina: karatasi za mahudhurio za semina na warsha nilizowahi kwenda. Mnazijua hizo karatasi. Jina, taasisi, simu, barua pepe, saini. Zinazungushwa mezani asubuhi, na jioni ndizo zinazotumika kulipia posho. Nilikaa usiku mbili nikinakili, nikapata anwani 412. Kisha nikatuma toleo la kwanza. Kwa haraka zangu nikazibandika anwani zote sehemu ya wapokeaji, wazi kabisa, kila mtu akaona za wenzake.

Kesho yake nikapata majibu kadhaa. Wawili walinipongeza. Mmoja aliniuliza mimi ni nani. Na dada mmoja, mtumishi wa ofisi fulani ya umma, aliandika mistari michache tu. Alikuja kwenye warsha ile ya Morogoro akiwa likizo, hakumwambia mtu kazini. Mkuu wake wa kazi naye alikuwamo kwenye orodha yangu, kwa karatasi ya mkutano mwingine kabisa. Akaiona anwani ya dada yule katikati ya waandishi wa habari, akamwita na kumuuliza ana mambo gani na sisi. Dada aliandika: "Kaka, mimi pale nilisaini nipate nauli. Sikusaini hii."

Jamani, sentensi hiyo haijanitoka kichwani. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaanza kuuliza. Nani wa kwanza kufanya nilichofanya? Na lini watu walikubaliana kwamba kabla ya kumwandikia mtu ni lazima kwanza aseme ndiyo?

Hebu turudi Mei 1978, Marekani. Intaneti tunayoijua ilikuwa bado. Kulikuwa na ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi, ukiunganisha vyuo vikuu, maabara na ofisi za jeshi. Watumiaji walikuwa wachache kiasi kwamba anwani zao zilichapishwa kitabuni, kama vile vitabu vya simu vya zamani. Sasa kulikuwa na bwana mmoja, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation. Alitaka kuwaalika watu wa pwani ya magharibi waje kuona mashine mpya za kampuni yake, kwenye maonyesho ya Los Angeles na San Mateo. Kupiga simu moja moja aliona kazi. Mwenzake akaketi na kile kitabu akachapa anwani karibu 400, na tarehe 3 Mei ujumbe mmoja ukaenda kwa wote.

Kumbe sehemu ya kuandikia anwani ilikuwa na mwisho wake. Zilipozidi, zilizobaki zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Watu wakafungua wakakuta msururu wa anwani za wenzao kabla hata ya kufika kwenye tangazo. Niliposoma hapo nilicheka, kicheko cha mtu aliyejiona kwenye kioo.

Jeshi halikucheka. Likatolewa tangazo kwamba huo ulikuwa ukiukaji wa wazi wa matumizi ya ARPANET, kwani mtandao ule ulikuwa wa shughuli rasmi za serikali. Watumiaji wakaanza kubishana. Richard Stallman, ambaye baadaye alikuja kuwa baba wa harakati za programu huria, mwanzoni hakuona ubaya wa kutangaziana. Alipoiona barua yenyewe ndipo akalalamika, hasa kuhusu urefu wa ile orodha ya anwani. Na Thuerk je? Mwenyewe alikuja kudai kwamba ujumbe ule uliiuzia kampuni mashine za dola milioni 13 au 14.

Hapo pana mambo mawili ya kushika. La kwanza, kitabu kile kilichapishwa ili watafiti watafutane kikazi. Mtu alitoa anwani yake kwa jambo moja, mwingine akaichukua kwa jambo lingine. Ni karatasi yangu ya mahudhurio ile ile, miaka mingi kabla sijazaliwa. La pili, njia ile ililipa. Jambo lenye faida kwa mtumaji na kero kwa mpokeaji halifi kwa kukemewa mara moja.

Lakini upande wa pili walikuwapo watu waliokuwa wakijenga njia nyingine. Mwaka 1986 mwanafunzi mmoja jijini Paris, Éric Thomas, aliandika programu ya LISTSERV kwa ajili ya BITNET, mtandao uliounganisha vyuo vikuu. Kabla ya hapo, kuingia kwenye orodha ya mijadala kulimtegemea binadamu: unamwomba msimamizi, naye anakuongeza kwa mkono akipata nafasi. Programu ya Thomas ikaifanya kazi hiyo yenyewe. Ukitaka kuingia unatuma amri ya kujiunga, ukitaka kutoka unatuma amri ya kuaga. Hakuna aliyekuvuta.

Ukiniuliza mimi, hiyo ni hodi yetu ya kila siku. Mgeni anasimama mlangoni anabisha hodi. Ukisema karibu, anaingia. Usipoitika, anabisha tena, na kwa adabu tulizofundishwa, hodi tatu zikipita kimya anageuza. Hakuna mgeni anayeingia mpaka sebuleni, akajikalisha kwenye kochi, kisha akasema: "Kama hunitaki niambie tu, nitatoka." Shikeni picha hiyo, maana ugomvi wote uliofuata ulikuwa kati ya wageni wa aina hizo mbili.

Aprili 12, 1994, aliingia mgeni wa aina ya pili. Wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, waliandika tangazo kuhusu bahati nasibu ya green card. Nyie wa Dar na Nairobi hapo nadhani mmeinua vichwa, kwani ni nani asiye na binamu aliyewahi kuicheza? Bahati nasibu hiyo ilikuwa ndiyo inaanza. Kuingia wakati ule kulikuwa bure, tena hakukuhitaji mwanasheria. Ulituma maelezo yako kwa posta. Wao wakatangaza huduma ya kulipia, na tangazo lao wakalirusha kwenye maelfu ya makundi ya Usenet, yawe ya hisabati, ya muziki au ya mapishi. Hasira za watu zilijaza mitambo ya kampuni iliyokuwa ikiwauzia intaneti mpaka ikazimika. Wanandoa hao hawakuomba radhi. Mwaka huo huo walitoa kitabu cha kufundisha wengine namna ya kutajirika kwa njia hiyo. Mwaka 1997 Canter alivuliwa uwakili katika jimbo la Tennessee, na tangazo lile lilikuwa miongoni mwa sababu.

Usenet haikuwa orodha ya barua pepe, lakini somo lilisambaa upesi: kutuma kwa watu elfu kumi kunagharimu karibu sawa na kutuma kwa mmoja. Gharama inabebwa na anayepokea, kwa muda wake na, enzi zile za kulipia intaneti kwa dakika, kwa pesa yake pia. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye intaneti kafe akiangalia saa huku barua za matangazo zikifunguka polepole anajua ninachosema. Wafanyabiashara wakaanza kutumia programu zinazozoa anwani kutoka kwenye makundi na kurasa za tovuti, kisha orodha zikauzwa kama nyanya za gengeni.

Sasa hapa historia inapinda kidogo, na ndipo iliponishangaza zaidi. Mimi nilidhani desturi ya kumtaka mtu athibitishe kujiunga ilizaliwa kwa adabu. Kumbe ilitokana na uhuni. Orodha za zamani ziliamini anwani yoyote iliyoandikwa kwenye ombi. Kwa hiyo mtu aliyekuchukia aliweza kughushi anwani yako akakuandikisha kwenye orodha mia kwa mpigo. Mwaka 1996 kuna aliyejificha nyuma ya jina la bandia, akawaandikisha wanasiasa na waandishi wa habari kadhaa wa Marekani kwenye orodha chungu nzima, masanduku yao ya barua yakafurika.

Dawa ilikuwepo, na wasimamizi wengi wakaanza kuitumia. Ombi likija, mtambo hauingizi jina. Unatuma kwanza barua moja kwenye anwani hiyo: kuna mtu ameomba uingizwe, kama ni wewe jibu au bofya hapa. Ndani yake mna namba ya siri ya ombi hilo peke yake. Asiyelifungua sanduku hilo hawezi kuijibu. Ukinyamaza, ombi linakufa na hutaandikiwa tena. Ni jambo dogo, lakini tazameni lilichobadilisha: kimya kikawa na maana ya hapana.

Watu wa masoko hawakuipenda. Kila hatua unayoongeza, wapo wanaoishia njiani, na orodha inapungua. Wakaipa jina la kuthibitisha mara mbili, ili ionekane ni usumbufu kupita kiasi. Wapinga barua taka wakakataa jina hilo. Kwao ulikuwa uthibitisho mmoja tu, kwani kuandika anwani kwenye fomu hakujaonyesha kwamba anwani ni yako. Ukifikiria vizuri, nusu ya vita hii ilikuwa ya majina.

Vita yenyewe ilifika mahakamani mwaka 2000. Huko California kulikuwa na taasisi iliyoitwa MAPS, iliyoasisiwa na Paul Vixie na Dave Rand. Ilitunza orodha nyeusi ya mitambo inayotuma barua zisizoombwa, na watoa huduma wengi wa intaneti waliifuata. Ukiingia humo, barua zako zinagonga ukuta. MAPS ikaitaka kampuni ya matangazo ya Yesmail ithibitishe ridhaa ya kila mtu kwenye orodha zake. Julai mwaka huo Yesmail ikakimbilia mahakama ya Illinois na kupata zuio la muda. Baadaye pande hizo zilimalizana. Kampuni ya kura za maoni ya Harris Interactive nayo iliwashtaki MAPS pamoja na watoa huduma wakubwa waliozuia barua zake. Swali lilikuwa lile lile: anayesema kwamba watu hawa wameridhia, athibitishe nani?

Mwaka mmoja kabla, mfanyabiashara Seth Godin, ambaye kampuni yake Yoyodyne ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1998, alikuwa ametoa kitabu kiitwacho Permission Marketing. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara tupu: tangazo analolisubiri mtu lina thamani kuliko elfu wanazozichukia. Baada ya hapo neno ridhaa likawa la fasheni, kila kampuni ikadai inayo. Na neno likishakuwa la fasheni, huwa linachakachuliwa. Ndipo vikaenea vile visanduku vilivyokwisha kuwekewa tiki chini kabisa ya fomu, kwa herufi za kutafutia miwani. Usipoondoa tiki, eti umeridhia.

Serikali zilipoamka, zikagawanyika vile vile kama wageni wangu wawili. Umoja wa Ulaya kwa agizo lake la mwaka 2002 ulichagua hodi: usimtumie mtu binafsi tangazo kwa barua pepe kabla hajaridhia, isipokuwa mteja wako mwenyewe kwa bidhaa zinazofanana na alizonunua, tena apewe njia rahisi ya kukataa. Jimbo la California nalo lilipitisha mwaka 2003 sheria ya kutaka ridhaa kwanza, ianze Januari 1, 2004. Haikuanza. Desemba 16, 2003 Rais George W. Bush alisaini sheria ya shirikisho ya CAN-SPAM, iliyozifuta sheria nyingi za majimbo kuhusu jambo hilo. Hiyo ikamchagua mgeni wa kochini. Tuma tu, ila usidanganye wewe ni nani, weka anwani yako ya posta, na mtu akikwambia basi, mwache ndani ya siku 10 za kazi. Wapinzani wakaitania kwamba ni ruksa ya kutuma.

Canada ilichagua hodi kwa sheria iliyoanza Julai 1, 2014. Ulaya ikakaza zaidi kwa kanuni zake za ulinzi wa data, zilizoanza Mei 25, 2018, na Oktoba 1, 2019 mahakama yake kuu, katika kesi ya kampuni ya Planet49 iliyohusu vidakuzi vya tovuti, ikasema wazi kwamba kisanduku kilichowekewa tiki tayari si ridhaa. Mnakumbuka Mei 2018? Hata huku kwetu masanduku yalijaa barua za kampuni za ng'ambo zikibembeleza: bado unatupenda?

Kubembeleza huko nako kuna mtego. Mwaka 2016 shirika la ndege la Flybe la Uingereza liliwaandikia watu zaidi ya milioni 3.3 kuwauliza kama taarifa zao ni sahihi na kama wangependa kupokea matangazo. Tatizo ni kwamba hao walikuwa wameshasema hawataki. Machi 2017 mdhibiti wa taarifa akalitoza faini ya pauni 70,000. Yaani unarudi kubisha hodi kwa mtu aliyekwisha kukwambia usirudi, halafu unasema nimekuja kuuliza kama naweza kuja.

Na sisi? Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Inasema anayetumia taarifa zako ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia. Swali la mwaka 2000 likapata jibu. Haikuchukua muda ikapata mtihani, tena si wa barua pepe: Juni 2021 Wakenya waliingia kwenye mfumo wa serikali wa mtandaoni, wengi wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kuviomba. Majina na namba za vitambulisho zilikuwa zimetoka kwenye orodha nyingine. Mnaona? Orodha haiulizi ilikotoka, anayeishika ndiye wa kuuliza.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake. Msingi wake ni ule ule aliouandika dada yangu wa Morogoro kwa maneno machache: taarifa iliyokusanywa kwa jambo moja itumike kwa jambo hilo. Nauli ni nauli. Mimi niliwahi kuandika habari ya sheria hiyo, nikaifupisha vizuri, mhariri akanisifu. Halafu nikaenda nyumbani nikanakili anwani 412.

Kwa hiyo nimefanya nini? Mwenzangu alishauri tuwaandikie wote tena tuwaulize nani anataka kubaki. Nikamsimulia ya Flybe. Akanijibu, kwa haki, kwamba wale walikuwa wamekataa na hawa wetu hawajakataa. Nikamwambia hawajakubali pia. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikaifuta orodha yote, na zile karatasi nikazichana. Nikatuma barua moja moja ya kuomba radhi kwa waliokuwa wamenijibu, akiwamo yule dada. Wengine sikuwaandikia tena kabisa.

Sasa tukienda kwenye warsha tunakuwa na karatasi yetu tofauti, na haizungushwi pamoja na ya posho. Juu imeandikwa jarida ni la nini na linatoka lini. Anayetaka anaandika anwani yake mwenyewe, kisha anapokea barua ya kuthibitisha. Asipobofya, hatumuandikii tena. Kutoka 412 tumebaki na watu 61. Mhariri wa zamani niliyemsimulia alicheka, akasema hilo ni darasa moja la shule ya msingi. Ni kweli. Lakini Ijumaa iliyopita tulichelewa kutuma, na watu tisa wakaandika kuuliza jarida liko wapi. Wale 412 hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Dada yule hajanijibu. Kila karatasi mpya ikirudi naisoma majina yote, halafu naiweka. Jina lake halimo, na sina ruhusa ya kumuuliza.

Haya, ndiyo hivyo. Kama mna karatasi za namna hiyo kwenye droo zenu, nadhani mnajua cha kufanya. Tuko pamoja.